Ovaroli Kumi na Mbili za Mama Popo

Mdomo-Asali alipowaona waongoza wageni wa pangoni wamejipanga kwenye ngazi za ofisi yao, kila mmoja akishona magoti ya ovaroli yake kwa uzi wa viatu, mate yalimjaa kinywani. Wengine wakiona nguo imechanika huona huruma. Yeye aliona duka.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Akampelekea jora la kitambaa cha miavuli, akamwambia ni sare za wapaka rangi. Mke akashona kumi na mbili, mishono mitatu-mitatu, maana mikono yake haikujua kulipua kazi. Alipokwenda kumtazama shangazi yake mgonjwa, huku nyuma cherehani ikatoka mlangoni begani mwa mumewe, ikawekwa rehani kwa muuza mitumba. Badala yake akaazimwa ovaroli moja ya kweli ya mapangoni. Ilikuwa nzito, magoti yake tabaka mbili, na kwapani ina kipande cha ziada ili mtu akinyanyua mkono, suruali isimpande kiunoni. Isiporudi Jumamosi saa kumi, cherehani inauzwa.

Jumamosi asubuhi, akiwa ndani ya suti yake ya kijivu, alimtandikia ile ya kweli mkuu wa waongozaji, mwanamke wa makamo waliyemwita Mama Popo.

"Mama yangu, hii utawarithisha wajukuu!"

"Na hizo za kwenye furushi, mbona nyepesi kama kanga?"

"Ndiyo starehe yenyewe, mama. Unavaa, unasahau kama umevaa."

"Haya. Ila hapa kwetu muuzaji huvaa mwenyewe kwanza, akapita Toba kwenda na kurudi. Chomoa moja hapo kwenye furushi. Hii ya mfano niachie, na suti yako pia, isije ikachafuka bure."

Toba ni kipenyo chembamba ndani ya pango. Kiliitwa hivyo kwa sababu hakuna aliyekipita bila kulitaja neno hilo. Mdomo-Asali alilitaja mara tisa. Jiwe la kwanza lilichukua magoti, la pili makalio, na alipojaribu kunyoosha mkono ajivute, mgongo wote uliitikia *chwaaa*.

Alitoka akiwa amevaa mishono mitupu. Nje, darasa zima la wanafunzi na mwalimu wao walikuwa wakingoja zamu. Kofia ngumu aliyovishwa kabla ya kuingia ikahama kichwani haraka, ikaenda kufanya kazi kwingine.

"Nguo zangu, mama!"

"Zipo." Mama Popo aliushika mshono mmoja ukining'inia, akauvuta kwa nguvu zote. Haukuachia. "Kitambaa ni takataka. Lakini huu mshono kaupiga nani?"

Ulimi ulimwasha aseme "mimi". Akaitazama suruali yake kwapani mwa yule mama.

"Mke wangu."

"Ana cherehani nzuri, basi."

Hapo jasho likamtoka mpaka kwenye kofia. Alieleza yote, kwa mara ya kwanza maishani bila kupamba.

Saa tisa na nusu Mama Popo mwenyewe aliirudisha ile ovaroli kwa muuza mitumba. Cherehani ikarudi nyumbani begani mwa yuleyule aliyeitoa, Mama Popo akifuata nyuma. Mkewe, aliyekwisharudi kutoka kwa shangazi na kusikia habari za pangoni, alikuwa mlangoni, mikono kiunoni.

"Sare za wapaka rangi, eti?"

"Mke wangu, nisikilize..."

"Nitamsikiliza huyu mama."

Wakaongea wawili, wakakubaliana: ovaroli kumi na mbili za turubai la lori, magoti tabaka mbili. Fundi alitoa sharti moja tu. Hakuna itakayokabidhiwa kabla ya kupimwa Toba, na mpimaji anaye, hana kazi.

Wiki iliyofuata fundi alikaa mlangoni mwa pango, kalamu sikioni.

"Inabana kwapani!" sauti ililia kutoka shimoni.

"Kwapani, niongeze," akaandika. "Na magoti?"

"Magoti mazima! Mimi ndiye sina hali! Toba!"

"Pole, baba. Toka uvae nyingine. Bado kumi na moja."