Miaka Minane ya Lugha Rasmi, na Makofi Bado ni ya Nkusi

Jumatatu, 13 Oktoba 2025

Nimevunjiwa heshima.

Mama Mukandayisenga, kiongozi wa mtaa wetu hapa Kabeza, Kigali, amepita asubuhi nyumba kwa nyumba. Jumamosi ya tarehe 25, tukimaliza umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi, hatutatawanyika na majembe yetu kama kawaida. Tutaketi tujadili jambo zito: tangu Kiswahili kifanywe lugha rasmi ya nchi mwaka 2017, je, faida tulizoahidiwa zimefika huku mtaani? Atakuja mama mmoja Mkenya, Njeri, wa shirika la elimu ya watu wazima. Wanataka kufungua darasa la Kiswahili kwenye ukumbi wa mtaa. Wanatafuta mwalimu.

Mwalimu! Nani kama si mimi? Nimezaliwa na kukulia Karagwe, Tanzania. Mwaka ule 2017 niliposikia habari redioni, niliacha kazi ya kudumu ya kufundisha shule ya msingi. Nikapanga chumba, nikaandika kibao: MUGENZI, KISWAHILI SANIFU, TAFSIRI NA USHAURI. Nikamwambia mke wangu Jovina anishonee suruali pana, maana nitanenepa.

Miaka minane. Wanafunzi wanne. Mmoja ni shemeji yangu. Suruali bado pana.

Nikamuuliza Mama Mukandayisenga nihutubu dakika ngapi. Akasema hotuba atasoma Nkusi. Mimi nitamrekebishia maneno.

Nkusi! Muuza vipuri vya pikipiki! Amekulia Mbarara, Kiswahili kakiokota kwa madereva wa malori. Anakiita "Kiswahiri". Mtu iko, mbuzi iko, mvua iko, Mungu iko. Na kila jioni watu thelathini wanabanana nyuma ya duka lake wakijifunza huko kuiharibu lugha. Wauguzi, wenye moto (ndio bodaboda wa hapa), wauza nyanya.

Thelathini! Nimehesabu mwenyewe, nikichungulia juu ya ukuta.

Jumatano, 15 Oktoba

Mpango wa kwanza. Nimemtuma Jovina darasani kwa Nkusi kupeleleza. Nilimwagiza akae nyuma, anyamaze, aorodheshe makosa yote.

Alikataa kwanza. Alisema ana gauni la harusi la kushona, na kwamba cherehani hiyo ndiyo imetulisha tangu nilipokuwa mshauri. Nilimwambia hayo ni maneno ya kuumiza. Akaenda.

Karudi saa moja na nusu, anacheka peke yake njiani. Orodha hana. Anasema Nkusi alikwama kwenye "huyu" na "hii", naye akashindwa kuvumilia, akasimama kumsaidia. Wakampigia makofi. Wamemwomba arudi kesho.

Nimemuuliza yuko upande gani. Ameniuliza kama nataka chai.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimepata hoja kuu. Ni nyepesi na haina tundu: kama uamuzi ule wa mwaka 2017 ungeleta faida, zingenifikia mimi kwanza. Hazikunifikia. Kwa hiyo hazikuja. Nitathibitisha mbele ya Njeri kwamba Kabeza hakuna Kiswahili hata chembe. Nkusi atabaki mwalimu wa kitu kisichokuwapo. Kisha mimi nitaombwa nikilete.

Leo nimefanya utafiti. Nimeanza na butiki ya Kayitesi. Nilimwambia, "Niwie radhi, ewe mwenye duka, ningependa kujipatia kipande cha sabuni iliyo madhubuti."

Kayitesi akanitazama. "Sabuni iko, muzee. Ya bluu ama ya mweupe?"

Nimeandika: Hakuelewa.

Fundi viatu kaniambia eti "ukuye kesho", yaani nije. Hakuelewa. Mwenye moto kaniuliza nakwenda wapi, na kofia ngumu kanipa, na akanifikisha Kanombe barabara, huku njia nzima akinihadithia habari za mama mkwe wake kwa "iko" kumi na saba. Hakuelewa. Muuza ndizi kanijibu vizuri mno, nikashtuka. Kumbe ni mtu wa Ngara. Huyo sikumwandika.

Jumla: wote wameshindwa. Utafiti ni kazi ya kuchosha.

Jumapili, 19 Oktoba

Baada ya misa nimemkamata Johnson, dereva wa lori kutoka Kahama anayesali kwetu kila akipita na mzigo. Mtanzania halisi! Nikaona huyu ndiye shahidi. Nikamleta nyumbani. Jovina kapika ndizi na nyama.

Nikampangia maneno taratibu. Asimame siku ile, aseme: "Mimi nazunguka Kigali yote, hakuna anayenielewa." Basi. Sentensi moja. Kila nilipomuuliza kama amenisikia alitikisa kichwa, mdomo umejaa. Nilipomuuliza kama ataweza, alisema ndizi ni tamu, shemeji kapika. Nimechukua kuwa ndiyo.

Alitaka kunisimulia habari ya mke wake. Nilimwambia tusitoke kwenye mada.

Jumanne, 21 Oktoba

Nkusi kaja mwenyewe na hotuba yake, kavua kofia mlangoni, kaniita mwalimu. Anasema anaogopa kusimama mbele ya watu na kwamba bila mimi ataaibika. Jinsi alivyokuwa mnyenyekevu imenichukiza sana.

Hotuba ni ukurasa mmoja. Maneno ya sokoni. Nimeipitia kwa roho safi, nikaiandika upya yote.

Na hapa ndipo akili yangu ilipong'aa. Nkusi, kama wengi wetu huku, r na l zinabadilishana viti kinywani mwake. Basi nimezipanda kila mstari. "Wabunge walipiga kura, na bara letu limefika mbali." Akisoma itakuwa wabunge waripiga kula, na bala retu rimefika mbari! Nimejifungia chooni nikacheka.

Jovina yuko darasani kwa Nkusi. Mara ya tano sasa. Nimekula ndizi za jana.

Jumamosi, 25 Oktoba

Nitaandika yote, hata kama inauma.

Umuganda tumezibua mtaro. Kisha tukaketi kwenye nyasi, watu kama mia, matope miguuni. Njeri kapewa kiti. Nkusi kasimama na karatasi yangu.

"Wabunge waripiga kula…"

Kicheko! Mwenyewe kasita, kasoma tena kimoyomoyo, kisha kacheka kuliko sisi wote. Akasema, "Jama, Mwalimu Mugenzi ameniandikia vizuri sana, lakini hii mudomo yangu haijafika huko." Akakunja karatasi, akaiweka mfukoni, akaanza kuzungumza tu. Kwamba alianza darasa kwa sababu wateja kutoka Kongo na Tanzania walikuwa wanamwonyesha vipuri kwa vidole. Kwamba sheria ilipotoka, watu waliacha kuona aibu kujifunza. Kwamba yeye si mwalimu, anagawa kidogo alichonacho.

Makofi. Hayo makofi nayajua. Nimeyasikia kila usiku kichwani kwa miaka minane, ila yalikuwa yangu.

Mzee Silvère, aliyekuwa karani enzi za Kifaransa, akanyanyuka kupinga. Nikapata tumaini. Akasema, "Mimi barua zangu zote zinakuja kwa Kinyarwanda au Kiingereza. Kiswahili mezani kwangu sijakiona hata kwenye bahasha. Tuliahidiwa lugha rasmi. Urasmi uko wapi?" Wengi wakaitikia yego, yego, ndiyo kabisa. Hoja nzito. Nilikasirika kwa nini sikuifikiria mimi.

Ndipo nikamkonyeza Johnson.

Johnson akasimama. Akashika kofia kwa mikono miwili. "Mwalimu Mugenzi alinilisha ndizi ili niseme hapa hakuna anayenielewa," alianza. "Ndizi zilikuwa nzuri. Ila hayo maneno hayatoki."

Watu mia wakanigeukia. Nikachunguza mtaro.

Akaendelea. Mwezi wa tatu alikuwa safarini na mke wake, mimba ya miezi minane, wanakwenda kwa dada yake. Walipofika barabara ya uwanja wa ndege mama akashikwa na tumbo. Wakakimbilia hospitali, Kibagabaga. Mke wake anajua Kisukuma na Kiswahili tu. Amelala pale, analia, hajui amwambie nani. Akaja muuguzi mmoja, akamwinamia sikioni.

"Alimwambia, 'Mama, usiogope. Mutoto iko anacheza?' Mke wangu akasema hapana, tangu jana hachezi. Yule muuguzi aliacha kila kitu akakimbia kuita daktari." Johnson akazungusha kofia mikononi. "Mtoto sasa ana miezi saba. Ana meno mawili. Mimi mambo ya sheria siyajui, ndugu zangu. Mimi namjua yule dada."

Mwanamke mmoja akanyanyuka katikati ya watu. Uwimana, muuguzi. Jirani yangu wa nyumba ya nne! Alikuwa anafunika uso kwa kitenge. Akasema neno "kucheza" alilipata kwa Nkusi, somo la wiki ile ile.

Hapo hakuna aliyepiga makofi. Macho yangu yalitokwa na maji, vumbi la mtaro nadhani, ingawa mtaro ulikuwa na matope.

Mama Mukandayisenga akafuta uso wake, akasema, "Basi tumepata jibu. Mdomoni kimefika. Karatasini bado." Kisha akanigeukia. "Mwalimu, wewe unaongeza nini?"

Nilisimama. Niliapa moyoni niseme jambo zuri. Lilikuwepo, nililihisi kabisa, limekaa hapa kifuani. Nikafungua kinywa.

"Kwa usahihi," nikasema, "muuguzi alipaswa kuuliza 'mtoto anacheza?' Hiyo 'iko' haihitajiki."

Kunguru mmoja akalia juu ya paa la ukumbi.

"Mke wangu alielewa, mwalimu," Johnson akajibu, kwa upole kabisa.

Nikakaa.

Njeri kamwomba Nkusi achukue darasa. Nkusi kakataa! Anasema yeye atasaidia, lakini darasa la ukumbini linataka mtu mwenye Kiswahili kilichonyooka na roho ya kufundisha, na mtu huyo yupo hapa hapa. Nikakung'uta suruali. Nikanyanyuka nusu.

"Mama Peace," akasema Nkusi, kwa jina la binti yetu. "Mama Jovina."

Mtaa mzima ukashangilia. Mke wangu alikuwa amesimama na jembe begani, mdomo wazi kama bibi harusi aliyeitwa jina lisilo lake. Kisha akanitafuta kwa macho. Nilimpungia mkono, nadhani. Au nilikuwa nazuia jua.

Jumatatu, 27 Oktoba

Jovina kaanza leo. Kavaa gauni la kijani ambalo hajalivaa tangu ubatizo wa binti yetu Peace. Watu arobaini na wawili. Kabla ya kutoka kakaa ukingoni mwa kitanda, kaniambia darasa lina wanaojua kusoma wanaotaka kuandika barua kwa Kiswahili, na kwamba hilo hawezi peke yake, wala Nkusi hawezi. Ananihitaji Alhamisi na Ijumaa. Tungekwenda pamoja, alisema, bega kwa bega. Macho yake yalikuwa yanang'aa.

Nimefikiri sana. Hoja ya Mzee Silvère ni ya kweli: karatasini bado. Johnson ni mtu mwema. Uwimana nimempelekea parachichi. Hata Nkusi, ukimtazama kwa mbali na jua likiwa nyuma yake, si mtu mbaya. Nimeona makosa yangu yote, moja moja.

Nimemjibu Jovina nitakubali nikipewa cheo cha Mkaguzi Mkuu wa Walimu. Kasema walimu ni mmoja tu, ni yeye. Nimesema ndiyo maana.

Kaondoka bila kuaga.

Arobaini na wawili! Na wote wanamwita mwalimu. Mtu wa Bukoba! Haiwezekani Kiswahili chake kikawa safi kiasi hicho. Kuanzia jioni hii namsikiliza mezani kwa makini. Karudi, kanawa mikono, kasema, "Nisogezee chumvi, mume wangu."

Hakuna kosa. Nimemwomba arudie.