Mashine ya Mwalimu Okiria

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Mvua asubuhi. Malori yamepanga foleni toka mpakani mpaka mbele ya mlango wangu. Wateja: hakuna.

Saa nne akaja Mama Anyait kwa bodaboda, amepakata kompyuta iliyofungwa kwa leso, printa yake imefungwa nyuma. Ni mjane wa Mwalimu Okiria, aliyenifundisha darasa la tano. Nilisimama. Kwa mke wa Mwalimu mtu husimama.

Habari yenyewe ni hii. Kwa miaka kumi na moja Mwalimu alikusanya maneno ya Kiteso, akayaeleza kwa Kiswahili, akayaandika yote ndani ya mashine hii. Nakala nyingine hakuna. Jumamosi ni kumbukumbu ya mwaka mmoja tangu tumzike. Mama anataka maneno yachapishwe, wajukuu wagawiwe. Wale wa Nairobi, anasema, hawawezi hata kuomba maji kwa lugha yao.

Ugonjwa wa mashine: kila ikiwashwa inasimama, inadai ni Januari 2002, inataka ibonyezwe kitufe cha F1. Ikibonyezwa inaendelea vizuri. Nilitikisa kichwa kwa muda wa kutosha. Nikamwambia mashine imezeeka, imepoteza kumbukumbu. Akajibu kwamba yeye pia amezeeka lakini tarehe anaijua.

Kisha akaongeza, kwa upole, kwamba alipitia kwanza kwa Nanjala. Nanjala wa ng'ambo ya barabara! Msichana wa Khunyangu, mwenye diploma ukutani na foleni ya wateja mlangoni. Eti alimwambia ni betri tu, ile ya duara kama ya saa ya mkono. Abadilishe betri, achapishe, aende nyumbani.

Betri! Nilimwambia Mama kwamba betri ni jibu la watu wavivu. Mashine hii inahitaji kupandishwa daraja zima. Akaniangalia sana. Akasema ameniletea mimi kwa sababu nilikuwa mwanafunzi wa mume wake. Akaniachia.

Mpango wangu, siri kubwa: ofisi za mawakala wa forodha hapa Malaba zimejaa kompyuta kuukuu zinazokataa Windows mpya. Mawakala wote watakuwa Jumamosi pale kwa Mwalimu. Watakuta mashine yake inakimbia kama mpya, mbele ya padri na watu wote. Watauliza ni fundi gani. Nanjala atafunga duka.

Jumanne, 4 Novemba

Nimekwenda Busia kwa Geoffrey, anayeuza vipuri vya kompyuta zilizokufa. Nikaomba kumbukumbu. RAM. Akauliza ya aina gani, maana mashine za zamani zinachagua: ya DDR2 haikubali ya DDR3, na ya DDR3 haikubali ya DDR2. Nikasema nipe iliyo mpya zaidi. Akauliza kama nimeifungua mashine nikaangalia ndani. Swali la dharau. Daktari hampasui mgonjwa kabla ya kununua dawa.

Geoffrey akasema, "Boss, hii ukibeba hairudi."

Nikabeba. Nikabeba na kebo ya kuunganisha ile printa ya Mwalimu, yenye plagi pana kama kitana, na kompyuta za siku hizi. Geoffrey akasema kebo inaweza kuingia na printa isiandike. Huyu mtu anauza kwa kukatisha tamaa.

Nikirudi nikamwona Nanjala mlangoni kwake. Nikapita na mfuko wa vipuri upande wa barabara, auone vizuri.

Akanipungia mkono. Anajua kuficha hofu.

Jumatano, 5 Novemba

Siku ngumu. Naandika ilivyokuwa.

Nimefungua mashine. Vumbi la miaka mingi. Nikatoa RAM ya zamani, nikaleta mpya. Haikuingia. Kila RAM ina pengo dogo chini, na ndani ya mashine kuna kijino cha kupokea pengo hilo. Pengo la hii mpya liko mahali pengine. Tofauti ni ndogo sana, kama upana wa punje ya mtama. Mtu mwingine angekata tamaa.

Mimi nilichukua tupa.

Nilikipunguza kile kijino taratibu, kama fundi wa meno. Mke wangu Among aliniletea chai, akauliza kwa nini nanoa kompyuta. Nikamwambia asivuruge kazi. RAM ikaingia kwa nguvu kidogo. Nikawasha.

Mashine ikapiga kelele: tiii, tiii, tiii. Milio mitatu mirefu. Nikafurahi, nikadhani inasalimia. Ikanyamaza. Nikazima, nikawasha tena. Safari hii haikulia. Ikatoa harufu.

Nilirudisha RAM ya zamani mara moja. Kimya. Nikapuliza. Kimya. Nikabonyeza F1 mara arobaini hivi. Skrini nyeusi, na ndani yake uso wangu mwenyewe.

Saa tisa Mama Anyait akapiga simu. Akauliza mashine inaendeleaje. Nikasema imelala. Akashukuru, akakata.

Chakula sikula.

Alhamisi, 6 Novemba

Akili imerudi! Maneno ya Mwalimu hayakai kwenye ubao wa mashine. Yanakaa kwenye diski. Diski sikuigusa. Nitaichomoa, niiweke ndani ya kompyuta yangu ya dukani, nichapishe, na Mama hatajua kitu.

Diski ya Mwalimu ina mkia mpana, safu mbili za sindano. Kompyuta yangu inataka ulimi mwembamba. Hata kidogo haviingiliani. Nikafikiri. Sindano zile ni nyingi mno, bila shaka nyingine hazina kazi. Nikashika koleo.

Hapo ndipo nikaona kipande cha karatasi kilichobandikwa ubavuni mwa diski. Mwandiko ule ule uliokuwa ukiandika tarehe ubaoni kila asubuhi: *Maneno yetu. Tafadhali usiharibu.*

Niliweka koleo chini. Nilikaa kitini, sijui kwa muda gani. Malori yalisogea mara mbili.

Mwalimu hakuwahi kunichapa. Nilipokosea alikuwa anasema, "Ekwaro, anza tena," na kungoja. Darasa zima linangoja. Heri angenichapa.

Among akaja, akaona koleo, akaona diski, akaniona mimi. Akaniambia nivuke barabara. Nikamwambia barabara ina malori. Akasema malori yamesimama.

Nikavuka. Nanjala alikuwa anakula viazi vitamu. Nilimwambia nimekuja kumpima. Tuseme mtu ana diski ya zamani yenye mkia mpana, na kompyuta ya sasa. Afanyeje?

"Mzee, hiyo diski ni ya nani?"

Nikasema ni swali la mtihani tu.

"Na mashine yake iko wapi?"

Nikasifu viazi.

"Mzee Ekwaro. Umeifanya nini hiyo mashine?"

Nikaitoa diski ndani ya koti. Nilikuwa nimeifunga kwa leso ya Mama Anyait. Nikamweleza habari ya tupa. Koleo sikulitaja, maana halikutumika. Nanjala hakucheka. Afadhali angecheka. Alinawa mikono, akaipokea diski kwa mikono miwili.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimeshinda kwa Nanjala. Kwa uchunguzi.

Ana kifaa kidogo: upande mmoja mdomo mpana wa sindano, upande mwingine USB, na waya wake wa umeme. Kumbe kipo. Kinauzwa. Geoffrey anavyo tele, na hakuniambia kwa sababu sikumuuliza.

Alichomeka. Diski ikagonga: tak, tak. Nanjala akaweka kidole juu yake. Ikagonga tena. Nikatoka nje nikaangalia malori. Nilikuwa nafikiria nitasimamaje mbele ya yule mama. Nikasikia Nanjala anaita, "Mzee, njoo. Inazunguka."

Hakufungua faili hata moja kwanza. Alinakili yote mara mbili, sehemu mbili tofauti, ndipo akafungua. Nilimwambia ni kupoteza muda. Akasema diski inayogonga inaweza isizunguke tena.

Kurasa mia moja na zaidi. Lakini nyingine zilikuwa zimevurugika, maneno yamehama kutoka kwa maelezo yake, kwa sababu programu aliyotumia Mwalimu ni ya zamani sana. Nanjala ni Mluhya, Kiteso hajui. Akanitazama. Basi nikavuta kiti.

Tulifanya kazi mpaka jua likaingia kwa mlango wa magharibi. Nilisoma kila neno, yeye akarudisha mahali pake. *Akipi*: maji. *Atap*: ugali. *Eyalama*: asante. Kila neno Mwalimu alilipa mfano, na ndani ya mifano aliweka wanafunzi wake. Fulani anachota maji. Fulani amechelewa kwa sababu ya ng'ombe. Nilikuwa najua majina karibu yote. Wengine wamekufa.

Chini ya neno lenye maana ya haraka nikakuta hivi: *Ekwaro alijibu kabla swali halijaisha.*

Nilisoma mara tatu. Miaka arobaini, na Mwalimu bado alikumbuka wepesi wangu wa akili! Nikamwonyesha Nanjala. Akaangalia skrini, akaangalia dirisha, akasema ni kweli Mwalimu alikuwa anawajua watu wake.

Printa ya Mwalimu ilikataa. Kebo yangu iliingia vizuri, kompyuta ikaiona kebo, printa haikuiona. Nanjala akasema Windows ya sasa haina tena programu ya kuongea na printa hiyo. Nikapendekeza tufungue printa. Akaisogeza mbali na mimi, juu ya kabati. Akachapisha kwa ya kwake, akazibana kurasa ziwe vitabu.

Jumamosi, 8 Novemba

Kwa Mwalimu. Hema, viti, padri, mawakala wote wa forodha kama nilivyotarajia. Nilivaa tai. Nilibeba vitabu vyote mimi mwenyewe. Nanjala alikaa nyuma karibu na akina mama wa jikoni.

Kabla ya ibada nilimwita Mama Anyait pembeni. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri kuhusu uchakavu wa vyuma. Nikaanza. Akanizuia.

"Ulisema imelala," akasema. "Mimi nimemuuguza mtu miezi saba, Ekwaro. Daktari akisema amelala, najua."

Nikasema ni mimi niliyeiua. Sikupanga kusema hivyo. Ilitoka.

Akafungua kitabu katikati, akaweka kidole kwenye mstari mmoja, akausoma kwa midomo bila sauti. Kisha akasema sanduku lile lilikuwa linamsumbua hata mume wake, na vumbi lake alishachoka kulifuta. Lakini ningelimpotezea maneno haya, asingenisamehe. Akaniambia hivyo akinitazama machoni. Nikasema nimesikia.

Baada ya misa akanitaka nisome mbele ya watu, kwa sababu ndimi niliyesoma kitabu chote. Nikasoma kurasa mbili. Pale nilipokosea matamshi wazee walinirekebisha kwa sauti, wote pamoja, na nikaanza tena. Mjukuu mmoja wa Nairobi, msichana wa miaka sita hivi, akaenda kwa nyanya yake katikati ya kusoma, akamwomba maji. Kwa Kiteso. Mama Anyait alifunika uso kwa leso.

Padri akauliza ni nani aliyeokoa maneno. Nikainuka nusu. Mama Anyait, kumbe akina mama wa jikoni walishamsimulia, akamtaja Nanjala. Nikawa nimeshainuka, basi nikapiga makofi nikiwa wa kwanza. Ilionekana vizuri.

Jumatatu, 10 Novemba

Asubuhi njema. Jua. Nimetafakari sana na nimeona kosa la wiki iliyopita lilikuwa wapi: tupa ya Malaba ni butu.

Saa tatu akaja Aluka, wakala wa forodha. Aliniona Jumamosi. Amesema alipenda ile tai. Ameleta printa yake ya karatasi ndefu, ile inayoandika kwa kugonga sindano kwenye utepe wa wino. Inaandika hafifu, na forodha wanamrudishia makaratasi yake kwa kuwa hayasomeki. Malori yake matatu yamekwama kwa ajili hiyo. Nanjala, kutoka mlangoni kwake, akapaza sauti kwamba abadilishe utepe tu, umekauka.

Utepe! Nimemwambia Aluka, kwa heshima zote kwa Nanjala, ambaye kwa diski za zamani yuko sawa, kwamba kwa printa hali ni nyingine. Printa inaandika hafifu kwa sababu ni dhaifu. Ni dhaifu kwa sababu umeme wa Malaba ni dhaifu. Na nje ya mlango wangu kuna betri kubwa za malori thelathini, zimekaa bure tangu jana.

Dereva mmoja wa Kampala amekubali. Ameniita ssebo, yaani bwana. Amefungua boneti, nimeshavuta nyaya mbili mpaka mezani, nyekundu na nyeusi. Nanjala anakuja mbio, anavuka barabara akipunga mikono yote miwili. Nadhani anataka kujifunza. Itabidi aikute imeshawaka.

Sikumbuki ni ipi inayotangulia. Zote ni nyaya. Naanza na nyekundu.