Diwani Hana Bima

Alhamisi, 6 Novemba

Nimempeleka Diwani kupata chanjo. Amemkwaruza daktari. Amemkwaruza dereva wa teksi. Mimi amenisamehe.

Proscovia, Mganda anayekaa mapokezi pale kliniki ya wanyama, akaniuliza kama ningependa kumkatia bima ya afya. Bima! Paka! Akanieleza kwa upole kwamba unalipa mara moja kwa mwaka, na akiugua, kampuni inabeba sehemu kubwa ya gharama. Nikauliza bei. Nikatafuta kiti.

Nimewaza njia nzima ya kurudi mtaani kwetu Fereej Bin Mahmoud, hapa Doha. Diwani alizaliwa nyuma ya mapipa ya taka ya mgahawa. Julai, joto la kuyeyusha soli za viatu, yeye alilala chini ya magari na akanenepa. Paka wa namna hiyo bima ya nini? Hiyo kampuni ndiyo inayopaswa kumlipa yeye, wampige picha za matangazo.

Mutai, ninayeishi naye chumba kimoja, alisema angekuwa yeye angelipa. Mutai ni mhudumu wa hoteli na hupiga pasi hata soksi. Hapo nikajua jibu ni hapana.

Jioni Edith akapiga simu. Edith ni nesi, tunaimba kwaya moja, na ndiye sababu ya mimi kuokota paka. Aliwahi kusema mwanamume anayependa wanyama ana moyo. Akaniuliza nimeamua nini kuhusu bima, maana paka dume wana matatizo yao. Nilitaka kusema bado nafikiria. Mdomo ukasema nimeshalipa.

Akasema, "Levis, kumbe wewe ni mtu wa maana."

Sijawahi kuambiwa hivyo na mtu ambaye si mama yangu.

Pesa ya bima nimeiongeza kwenye akiba ya tiketi ya ndege ya kwenda nyumbani Krismasi. Mama huko Nyahururu ameshachagua kuku wa kunichinjia. Nimepata sifa na pesa nimebaki nazo. Wengine husomea mambo haya chuo kikuu!

Ijumaa, 7 Novemba

Kanisani, maana hapa ibada kubwa ni Ijumaa. Edith ameiambia kwaya nzima. Akina dada wa sauti ya kwanza wamenipongeza mmoja mmoja. Bwana mmoja wa besi akauliza kama paka wangu ana pensheni pia. Nikacheka kama mtu mwenye bima.

Mutai akaomba kuiona kadi. Nikasema iko ofisini. Akauliza ofisi ya nani, yangu au ya paka. Simpendi Mutai.

Wakati wa kurudi nimepita baqala, duka lile dogo chini ya jengo letu, nikamnunulia Diwani mfuko mwingine wa chakula kikavu. Ni cha bei ya chini kabisa. Upande mmoja wa mfuko kuna picha ya mbwa, lakini muuzaji ameapa ni cha paka.

Jumapili, 9 Novemba

Diwani hajala. Anaingia kwenye beseni lake la mchanga, anachuchumaa, anatoka bure. Anarudi. Anatoka. Nimesema ni tumbo kujaa gesi. Nimempa kijiko cha mafuta ya zeituni. Ameyatema kwenye shati langu la kazi.

Mutai amesema huyu paka ni mgonjwa, apelekwe leo leo. Nikamwambia paka hupenda faragha. Akasema faragha haimlizi mtu.

Ukweli ni kwamba niliogopa. Nikimpeleka, bili itakuja. Bili ikija, Edith atauliza mbona bima hailipi. Nikaona afadhali tusubiri mpaka kesho, huenda akaamka mzima. Nimekaa naye sakafuni jioni yote. Nilimkuna shingo pale anapopenda. Hakunguruma.

Jumatatu, 10 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi nilipata wazo. Kwa nini nisimkatie bima leo? Nikampigia Proscovia. Akasema inawezekana, ila kwanza daktari amwone paka na athibitishe ni mzima. Ugonjwa aliokuja nao hauingii kwenye bima. Nikamshukuru. Mtu mwingine angekata tamaa hapo.

Mtaani kwetu paka wa rangi ya machungwa kama Diwani ni wengi kuliko nafasi za kuegesha gari. Kazi ni kumpata mmoja mwenye afya, akaguliwe kwa jina la Diwani, kisha bima ikishatoka, Diwani mwenyewe aanze kuugua rasmi.

Nikaomba ruhusa kazini. Nikamwambia Paul, mkubwa wangu pale ofisini, kwamba Diwani amezidiwa. Paul hakujua kama nina jamaa kwenye siasa. Akaniruhusu haraka na kunipa pole.

Nilimpata nyuma ya duka la mikate, kwa kopo moja la samaki. Mnene! Manyoya yanang'aa! Macho maangavu kama taa za uwanja wa ndege! Aliniuma kidole gumba, nikaona hiyo nayo ni dalili ya afya.

Nilirudi chumbani kuchukua kikapu cha kubebea. Diwani alikuwa chini ya kitanda. Alipokiona kikapu aliinua kichwa, akajikokota mpaka karibu na mguu wangu. Alidhani tunaenda. Sitaki kuandika zaidi juu ya hilo.

Kliniki. Daktari wa leo, mama wa Kisudani mwenye miwani, akaniuliza mgonjwa anaitwa nani. Nikasema Diwani, na si mgonjwa hata kidogo, mzima kabisa. Akampapasa tumbo. Akampapasa tena. Akatabasamu. Akaniambia Diwani anatarajia watoto wanne, pengine watano.

Nikasema asante.

Proscovia alikuwa ameshafungua kompyuta. Akasoma. Akanitazama. Akasoma tena.

"Kaka Levis," akasema, "Diwani wa Alhamisi alikuwa dume. Yuko wapi?"

Nilikuwa na jibu zuri. Lilihusu makosa ya kompyuta, na mimi kompyuta ndiyo kazi yangu. Lakini mlango ukafunguliwa. Aliingia Mutai, bado na sare ya hoteli, amembeba Diwani ndani ya taulo langu. Nyuma yake Edith. Mutai alikuwa ametoka zamu ya asubuhi, akamkuta paka analia chini ya kitanda, akampigia Edith, na Edith hakuuliza mara mbili.

Edith akaenda moja kwa moja mapokezi. "Huyu ana bima," akamwambia Proscovia. "Mwenyewe alimkatia wiki iliyopita."

Proscovia akanitazama. Daktari akanitazama. Hata yule mjamzito kwenye kikapu alinitazama. Ndipo Edith alipogeuka akaniona, mimi na paka wa rangi ya machungwa ambaye si wangu, na nikamwona anaelewa. Haikumchukua muda. Yeye ni mwepesi wa kuelewa. Nilikuwa nikipenda hilo kwake.

Nikakisukuma kikapu nyuma ya miguu yangu.

Daktari alimshika Diwani tumbo na tabasamu likaisha. Njia ya mkojo imeziba. Kibofu kimekuwa kigumu kama jiwe. Akauliza hali hii ilianza lini. Nikasema jana. Akasema jana ndiyo siku niliyopaswa kumleta. Hakufoka. Afadhali angefoka.

Jumanne, 11 Novemba

Diwani amelazwa. Ana mrija. Wamemnyoa mguu mmoja wa mbele, anaonekana kama amevaa soksi ya mtu mwingine. Daktari hajui bado kama figo zimepona. Nimeingiza kidole kwenye tundu za kizimba. Alikinusa, akalaza kichwa.

Yule wa duka la mikate amechukuliwa na Proscovia. Amesema hawezi kumwachia mtu kama mimi mjamzito. Sikubishana.

Bili imekula tiketi. Yote, pamoja na sehemu niliyojisifu kuiongeza. Jioni nikampigia Mama. Nilikuwa nimeandaa maneno: kampuni imekataa likizo, Desemba ina kazi nyingi. Nikayaanza. Nikashindwa katikati. Nikamwambia ni paka.

"Paka, Levis?"

Miaka mitatu hajaniona. Nilikuwa tayari anitukane. Akauliza, "Sasa huyo paka anaendeleaje?"

Nimelia kwenye ngazi za jengo, ghorofa ya pili, ambapo taa imeharibika.

Alhamisi, 13 Novemba

Atapona! Daktari amesema mkojo unatoka wenyewe. Sikuwahi kufikiri nitapiga makofi kwa sababu ya mkojo.

Edith alikuwepo. Tukakaa nje ya kliniki, akanunua karak, ile chai ya maziwa, vikombe viwili, na nikadhani vikombe viwili ni dalili njema. Haikuwa. Alisema kukosa bima si kosa. Watu wengi hawana, hata yeye angeona bei angefikiri mara mbili, na ningemwambia nimeamua hapana asingeniona mdogo. Kinachomsumbua ni ile Jumapili. Paka amelala na maumivu siku nzima, na mimi namlinda nani? Jina langu.

"Kwani mimi ni nani," akauliza, "hata mnyama aumie ili nikuone wa maana?"

Nilikuwa na visingizio vitatu. Nikatumia viwili. Akamaliza chai yake, akakunja kile kikombe cha karatasi polepole, akasema cha tatu nibaki nacho.

Jumamosi, 15 Novemba

Diwani ameruhusiwa. Ana chakula chake maalumu, anywe maji mengi, na awe na mtu wa kumwangalia mchana. Mimi na Mutai mchana tuko kazini. Edith anaishi Muaither na binamu yake Wairimu, ambaye hufanyia kazi nyumbani. Edith akasema, kwa adabu kabisa, kwamba ingekuwa vizuri paka akae kwao. Akasema kwa muda. Wote wawili tulijua muda huo ni wa namna gani.

Nikasema sawa. Nadhani ndilo neno pekee la maana nililosema wiki hii, na lilitoka kwa shida.

Mutai ndiye aliyebeba kikapu mpaka kwenye teksi. Akaingia. Edith akamwambia kuna ugali na sukuma wiki, abaki ale. Mimi nilifunga mlango wa gari. Nilimwita Diwani kupitia dirisha. Akanitazama jinsi anavyoutazama ukuta, kisha akajikunja juu ya paja la Mutai, kwenye suruali iliyopigwa pasi. Nikasikia akinguruma hata kioo kikiwa kimefungwa.

Huku chumbani kumekuwa kimya. Nimebadilisha mchanga kwenye beseni lake. Sijui kwa nini. Bado lilikuwa safi.

Ijumaa, 21 Novemba

Sikwenda kwaya. Nimekwenda soko la Souq Waqif, upande wa wanyama, kutembea tu, kutazama tu.

Kobe! Mwenye gamba la ajabu, gumu kama kofia ya pikipiki. Muuzaji amesema huyu anaishi miaka themanini. Themanini! Nimesimama hapo nikaona makosa yangu yote kwa uwazi ambao sijawahi kuwa nao. Tatizo halikuwa bima. Halikuwa hata uongo. Tatizo lilikuwa paka! Paka ni kiumbe laini, kimejaa mirija inayoziba. Kobe amezaliwa ndani ya bima yake. Hali chakula cha mfuko, hapandi juu ya kitu, hana kucha za kumkwaruza dereva. Utamlipia nini? Muuzaji alikuwa na taa maalumu ya kumpasha joto, akasisitiza ninunue na hiyo, haraka haraka, kama wanavyofanya wote. Nikamwambia tuko Doha, bwana. Joto la nini tena?

Nimempigia Edith. Alipokea, na hilo tu ni hatua. Akasema Diwani ameongezeka uzito na Mutai yuko hapo anamchana manyoya. Nikamwambia nina kobe. Akauliza taratibu kama safari hii nimeuliza kliniki kuhusu matunzo na bima, au nimeamua bila. Nikasema yote yameshughulikiwa. Akasema, "Vizuri, Levis," kwa sauti ambayo sikuitambua vizuri, lakini nadhani ilikuwa ya furaha.

Nimemweka chini ya kiyoyozi, apate hewa safi. Nimemwita Waziri. Hajasogea tangu saa sita mchana, lakini nimesoma kwamba hivyo ndivyo walivyo.