Mfuniko Ni Wangu

Jumatatu, 3 Juni

Pa! Pa! Pa! Mlio wa mfuniko wa sufuria. Hadi sasa umo masikioni mwangu. Baraza la mji linataka kuuza maktaba yetu, tumeandamana kupinga. Mimi nimesoma tamko nililolipigia msasa wiki nzima. Binamu yangu, Chiriku, amegonga mfuniko kwa mwiko. Video yake imesambaa mji mzima. Tamko langu limependwa na mama. Na mfuniko ni wangu!

Jumanne, 4 Juni

Nimezindua kaulimbiu mtandaoni: #MaktabaNiUrithiUsiohamishika. Imetumiwa na dalali wa viwanja. Peke yake. Ya Chiriku, #Haiuzwi, imeshafika kwenye fulana. Amenikumbatia, eti dada, bila wewe tusingefika hapa. Mbona hasemi hivyo mbele ya kamera?

Jumatano, 5 Juni

Wazo! Wanaharakati hukamatwa. Nimeketi langoni mwa maktaba, simu ikirusha mubashara. Nimemwambia askari sibanduki. Akasema haya. Nikamsihi anikamate. Akasema dada yangu, sakafu hiyo ina baridi, utaumwa kiuno, akanitandikia boksi. Kisha akauliza yule wa mfuniko atakuja saa ngapi, binti yake anataka picha naye. Watazamaji nao: mfuniko! mfuniko!

Ijumaa, 7 Juni

Kesho madiwani wanapiga kura. Watu wasipojaa na Chiriku mbele ya ukumbi wa baraza, maktaba imekwenda. Humo ndimo nilimojifunza kusoma. Hata hivyo nimetangaza maandamano yangu mwenyewe, lango la nyuma la ukumbi, saa ile ile. Mama amesema wivu wangu utaiuza maktaba kabla ya baraza. Nimemjibu hajui mikakati.

Jumamosi, 8 Juni

Lango la nyuma tulikuwa mimi na mama, aliyeniletea sweta. Aibu! Kisha pa! pa! pa! Chiriku ameona tangazo langu, akadhani ni mbinu, akaleta nusu ya umati kwangu. Madiwani wamejikuta wamezingirwa mbele na nyuma. Kura: haiuzwi! Nimelia kwa furaha. Chiriku amemwambia mwanahabari mbinu ile ni ya dada yake. Habari imetoka: “Mbinu ya Chiriku Yaokoa Maktaba.” Nimelia tena.

Jumapili, 9 Juni

Mama amesema tumeshinda, mwanangu, tulia sasa. Kweli tumeshinda. Ila kuna walioshinda zaidi. Nimetafakari kwa kina asubuhi nzima. Nimeshatangaza mgomo wa kula, mara tu baada ya chakula cha mchana. Madai nitayatafuta kesho.