Malalamiko Dhidi ya Karatasi ya Nyuso Sita

Kwa Daktari Mkuu, Kliniki ya Watoto.

Mheshimiwa mwanangu,

Salamu nyingi, ingawa huzistahili zote, chukua nusu. Mimi ni bibi wa yule mtoto mwenye ugonjwa wa damu wa selimundu, miaka sita, anayekuja kila Jumanne na kipandauso chake. Sikusoma. Anayeandika ni shangazi yake mtoto, na nimemkataza kupunguza ukali.

Nailalamikia karatasi yenu ya nyuso sita, ile ya ukutani karibu na mizani. Wa kwanza anacheka, wa sita analia. Mtoto anaonyesha kwa kidole uso unaolingana na maumivu yake, muuguzi anaandika, nawe unatibu ulichoandikiwa.

1. Karatasi ni mwongo. Jumanne iliyopita huyu mjukuu wangu, mke mwenzangu, alitapika mara mbili kabla hatujafika getini. Jicho moja limefumba, kichwa nimekifunika kanga asione jua. Kufika mbele ya karatasi, kidole kikaenda kwa anayecheka! Muuguzi akaandika: hana maumivu. Tukarudishwa na nusu kidonge.

2. Nyuso zote sita ni vipara. Mtoto gani atajiona humo?

3. Taa yenu ile ndefu inakonyeza kama muhuni. Nilimwambia muuguzi aizime, akasema, "Bibi, tutaonaje?" Nikamwuliza, "Kwani sasa hivi mnaona nini?" Akaninunia mpaka tunaondoka.

4. Kwa hiyo naomba karatasi ichanwe, hadharani, na mahali pake niwekwe mimi. Kila Jumanne nitakaa pale karibu na mizani. Mtoto akiumwa, wangu au wa mwenzangu, wewe tazama sura yangu, andika dawa. Sura hii haijui kuficha. Marehemu babu yake alikuwa akinitazama tu mlangoni anajua mboga imeungua. Mshahara sitaki. Nataka kiti chenye mgongo.

5. Ukikataa, nitakaa hivyo hivyo, na kiti nitakuja nacho.

Wasalimie wauguzi wote, hata aliyeninunia, na mlinzi wa getini aliyempisha mtoto kwenye kivuli chake. Msalimie na mama yako, umwambie alikuzaa na masikio, sasa uyatumie.

Ni mimi, mwenye hasira na mapenzi kwa pamoja,
Bibi wa Jumanne
(dole gumba langu hilo hapo, wino umemwagika kidogo)

Nyongeza: Tumemsomea mtoto barua. Kwenye vipara alicheka mpaka akashika kichwa. Kisha nikamwuliza kwa nini kila siku anamwonyesha yule anayecheka. Akasema, "Nikimwonyesha wa sita, bibi, unakuwa kama yeye."

Basi karatasi iacheni. Kiti sitaki tena. Jumanne nitabaki nje na mlinzi, mlango mfunge nisione. Zimeni taa, mwulizeni taratibu, na safari hii kiaminini kidole chake.