Mapigano ya Panga, Dakika Thelathini na Moja

Jumatatu, 6 Mei

Mwenyekiti wa ukumbi ametuita, mimi na kinyozi. Mama huyu alifundisha hesabu miaka thelathini na bado anamwangalia kila mtu kama hajaleta daftari. Akasema Jumamosi iliyopita alichungulia onyesho langu la filamu, akakuta watu kumi na tisa, wanne wamelala. Sikumwambia kwamba mmoja wa hao wanne ni mimi.

Kinyozi anaitaka Jumamosi kwa mashindano yake ya kuimba. Uamuzi: nimepewa Jumamosi moja tu. Wafike watu arobaini, na wawepo hadi mwisho. Wakipungua hata mmoja, ukumbi ni wa kinyozi, na mimi baada ya miaka sita ya heshima narudi kutengeneza pasi za watu. Sina wasiwasi. Nimeshachagua filamu ya maharamia!

Jumanne, 7 Mei

Utafiti. Nimeitazama filamu nzima nyumbani, daftari mkononi. Mke wangu alikuwa kwenye cherehani. Mama mkwe, anayekaa nasi, alikuwa anachambua maharage. Kipimo changu ni rahisi: mikono ya mama ikisimama, hapo pana burudani.

Panga zilipogongana, ikasimama. Nahodha mwenye jicho moja alipobembea kwa kamba kutoka meli hii hadi ile, ikasimama. Ilisimama pia pale nahodha alipoisoma barua ya mama yake, tena dakika nzima, lakini hapo nimeandika "amechoka". Hitimisho: watu wanataka panga. Mengine yote ni maji kwenye maziwa.

Jumatano, 8 Mei

Nimekata! Saa mbili na dakika saba zimekuwa dakika thelathini na moja. Barua, nje. Ramani, nje. Dhoruba, nje, maji tumeshayaona. Kasuku naye nje, ingawa kumtoa yeye kuliniuma kidogo. Yale maongezi marefu ambamo mdogo wake nahodha anamuuza kaka yake kwa gavana, nje kabisa. Vipande nilivyovitoa nimevifuta, kompyuta ipumue.

Mke wangu akauliza watu watajuaje nahodha anapigania nini. Nikamweleza kwamba mtu aliyeshika upanga haulizwi kitambulisho. Akarudi kwenye cherehani yake. Hoja nimeshinda.

Alhamisi, 9 Mei

Nimekwenda kunyolewa kwa kinyozi ili nimpeleleze. Ujanja wa hali ya juu. Alipofika nusu ya kichwa akaanza kunihoji kuhusu filamu, kwa upole, na mimi nikajikuta namwaga kila kitu. Nilipostuka nikaruka kutoka kitini na kuondoka hivyo hivyo. Upande wa kulia nina nywele, wa kushoto sina. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zangu bado zipo, nusu.

Ijumaa, 10 Mei

Kofia inawasha.

Jumamosi, 11 Mei

Saa tisa alasiri ukumbi ulikuwa na watu sitini na watatu! Kinyozi alikaa mbele kabisa, taulo begani, macho kwenye saa.

Panga zikaanza sekunde ya kwanza. Vifijo! Dakika ya tano, bado vifijo. Dakika ya kumi nikasikia minong'ono. Mzee mmoja akamuuliza jirani yake yeye amshangilie nani, jirani akasema hata yeye anasubiri kuambiwa. Mtu akapiga miayo. Miayo huambukiza kuliko mafua. Wakaanza kutoka. Hamsini na tano. Arobaini na nane. Kinyozi akainuka kuwatangazia kwamba wiki ijayo wataimba. Arobaini na mbili! Nilizikumbuka pasi.

Ndipo mama mkwe aliposimama.

"Kaeni chini, wanangu," akasema. "Huyu mwenye jicho moja na huyo mrefu ni ndugu, tumbo moja. Na huyo mrefu amemuuza mwenzake."

Mtu akauliza kisa nini.

"Wivu. Mama yao alipokuwa anakufa alimwandikia mmoja barua. Mwingine hakumwandikia." Halafu akanigeukia. "Mkwe, simamisha mashine kwanza."

Nikasimamisha. Ningefanyaje? Ni mama mkwe. Akasimulia barua, akasimulia dhoruba, akamwiga kasuku hadi mwenyekiti akacheka, jambo ambalo sijawahi kuliona. Kisha akaniruhusu niwashe. Kila pigano likawa hivyo: asimulie, niwashe. Waliotoka wakarudi, wakaja na wengine. Mwishoni ndugu wawili wakakutana kwenye sitaha, mdogo akainua upanga, akautupa baharini. Jumatano nilidhani umemponyoka. Kinyozi alikuwa anajifuta macho kwa taulo na saa ameisahau.

Onyesho la dakika thelathini na moja lilichukua karibu saa mbili. Mwenyekiti alihesabu mwenyewe: watu sabini na mmoja. Akampa mama mkono, kisha akasema Jumamosi ni yetu. Nimefurahi mno. Nyumbani tulimcheka kasuku mpaka mke wangu akashindwa kutunga uzi.

Jumapili, 12 Mei

Nimetafakari kwa utulivu, kofia nimeivua. Ushindi wa jana unathibitisha nilichosema tangu Jumanne: panga! Dakika thelathini na moja zimeleta watu sabini na mmoja, kwa hiyo kumi na tano zitaleta mara mbili yake. Filamu ijayo ni ya mapenzi. Nimeshaikata. Imebaki harusi tu.

Kasoro ya jana ilikuwa moja, kule kusimamasimama. Mama ana nia njema, lakini anachelewesha filamu. Nimemkatia tiketi ya basi akamsalimie dada yake wiki nzima, Jumamosi ikiwemo. Kinyozi aliposikia akaja mbio, akaninyoa nusu iliyobaki bure, na amejitolea kumbebea mama begi hadi kituoni. Kumbe yule bwana ana moyo mzuri. Nilimhukumu vibaya.