Jezi Namba Kumi na Nne Haikuwa Yangu

Jamani, leo nimejiaibisha hadi nikatamani ardhi inimeze. Nimechezea timu ya kikapu ya chuo kikuu. Mimi! Soja, mlinzi wa mlangoni!

Asubuhi supavaiza amenitoa kwenye lindo langu la Muaither, kanituma nikashike mlango wa ukumbi wa michezo wa chuo fulani hapa Doha, maana mwenzangu anaumwa. Nimefika na nguo za kiraia, yunifomu iko kwa begi. Sasa mnajua urefu wangu (mlango wa basi hunigonga paji la uso kila siku). Kocha msaidizi akanikimbilia na orodha ya majina.

"Wewe ndiye wa Kenya?"

"Ndiyo, sir."

"Umechelewa! Ingia haraka, mfadhili ameshafika."

Nikapewa jezi namba kumi na nne na viatu. Nikadhani labda masoja wa hapa huvaa hivi. (Doha nimeona mengi.) Nikavaa vile viatu. Vikanitosha! Tangu nizaliwe sijavaa kiatu bila kukunja vidole. Hapo akili ikaniambia kuna makosa mahali. Miguu ikakataa kusikia.

Nikaingia uwanjani. Mama yangu! Sakafu inang'aa mpaka nikajiona pua. Kuna mtu kazi yake ni kupangusa jasho tu. Kuna daktari wa vifundo vya miguu! Na kocha mkuu, mama mfupi wa kunifika kiunoni, akiinua kidole majitu yote yananyamaza kama yako kanisani. Mbele ameketi mzee wa kanzu nyeupe. Wachezaji wakanong'onezana: huyo ndiye hulipa karo na tiketi zao za ndege, na leo amekuja kuona kama huyu mpya anafaa kulipiwa.

Huyu mpya ni mimi.

Nikafungua mdomo niseme ukweli. Mpira ukatua kifuani mwangu.

Mimi nimecheza raga tu, tena shule ya msingi. Nikaubana kwapani, nikatoka mbio. Filimbi ikalia. Nikaongeza mwendo. Nikafika golini, nikanyoosha mkono, nikautumbukiza! Nikazunguka uwanja mikono juu, nikishangilia peke yangu.

Kocha mkuu akainua kidole.

"Hilo ni goli letu," kocha akasema polepole. "Kwani wewe ni nani?"

"Mimi ni soja wa mlangoni, madam."

"Na mlangoni yuko nani?"

Hakuna mtu! Tukakimbia wote. Nje, kwenye lile jua, jamaa mmoja mfupi ameketi juu ya sanduku lake, moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege.

"Niaje, bro," akaniambia. "Nimebisha nusu saa. Soja wa hapa ni bure kabisa."

Akaingia, akanywa maji, akarusha mpira kutoka katikati ya uwanja. Ukaingia. Akarudia. Ukaingia. Wa tatu akarusha bila hata kuangalia vizuri. Ukaingia! Mpangusa jasho akaacha kupangusa. Mimi nimesimama mlangoni, sasa na yunifomu, mdomo wazi, aibu yote nimeisahau. Mungu hugawa vipawa, jamani!

"Huyo namlipia," mzee akasema. Kisha akanitazama mimi, akacheka mpaka kitambaa cha kichwani kikamteleza. Nafikiri kicheko hicho ndicho kimeokoa kazi yangu, maana supavaiza alikuwa ameshafika na uso wa kunirudisha Kenya.

Ombi langu ni moja. Kuna mchezaji alinirekodi, na video imeshafika grupu letu la simu, la sisi tunaokaa mtaa wa Najma. Chekeni huko huko, msiitume nyumbani. Mama mkwe amenunua simu.